Ujumbe wa Saa Kumi

Kila siku masomo yalipokwisha, watoto wa Mtaa wa Juu katika mji mdogo wa Torigawa walirudi nyumbani kwa njia moja tu. Shule ndiyo iliyoichora njia hiyo kwenye ramani kwa wino mwekundu: daraja, duka la mchele, hekalu, kivuko cha barabara kuu, kisha nyumbani. Hata kama palikuwa na kichochoro cha kufupisha safari, mtoto hakuruhusiwa kukipita. Aliyeiacha njia, mzazi wake aliitwa shuleni.

Chinatsu Tobe wa darasa la tano aliijua sheria hiyo vizuri mno. Mama yake alikuwa ameshaitwa tayari muhula uliopita, akaomba ruhusa kiwandani, akainamisha kichwa mbele ya mwalimu mkuu mpaka Chinatsu akatamani ardhi immeze. Mama Tobe alifanya kazi ya kupanga vyakula kwenye vibweta vya kuuza, na msimamizi wake hakupenda watu wa ruhusa ruhusa.

Kwenye mkoba wa kila mtoto kulining'inia king'ora kidogo cha manjano. Ukivuta kamba yake, kilipiga kelele ya kutoboa masikio. Watoto walifundishwa hivi tangu darasa la kwanza: mtu usiyemjua akikusogelea, vuta, kimbia, mwambie mtu mzima. Ni mafunzo mazuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yale yaliyofuata.

Pale kivukoni alisimama mzee mmoja mwenye bendera ya manjano, akiwavusha watoto kwa kujitolea. Jina lake Orito. Alihamia Torigawa baada ya mkewe kufariki, akaishi peke yake katika nyumba aliyozaliwa mkewe. Miaka ilikuwa imepita, lakini kwa watu wa Torigawa, mtu ambaye babu yake hakuzikwa hapo ni mgeni hata akiota mizizi. Watoto hawakujali hayo. Walimwita Babu.

"Leo mbona mmechelewa? Mmefungiwa kwa kelele?" aliwatania.

"Ni Ibuki, Babu! Kasahau kofia, karudi, kafika huko kasahau alichorudia!"

"Muongo huyu!" Ibuki, rafiki wa Chinatsu, aliruka. "Babu, eti ni kweli visamaki vyako vimezaa?"

"Mayai yameanguliwa jana. Wadogo kama kope za macho." Babu Orito alifuga samaki wadogo katika mitungi mipana ya udongo, mbele na nyuma ya nyumba yake. "Mje Jumamosi mwaone. Lakini mje na mama zenu. Bila mama, simfungulii mtu."

Chinatsu hakuweza kusubiri Jumamosi. Siku iliyofuata alimdanganya Ibuki kwamba amesahau daftari, akageuka, akaingia kichochoro cha nyuma ya nyumba za mtaa wao. Ua wa Babu Orito ulikuwa wa mianzi, si mrefu. Alipanda, akachungulia. Maji yalikuwa kimya na majani ya yungiyungi yamelala juu yake. Alipojiinua zaidi ili aone ndani ya mtungi, kamba ya king'ora ikanasa kwenye ncha ya mwanzi.

Mtaa mzima ulisikia. Chinatsu alishtuka, akaanguka upande wa ndani ya ua, akachubuka goti. Babu Orito alitoka mbio, miguu mitupu.

"Umeumia? Usiogope, usiogope. Ngoja nikizime hiki." Akaushika mkanda wa mkoba, akawa anatafuta pa kuchomeka kamba.

Hapo ndipo mlango wa jirani ulipofunguka. Mama Kuwata, mwanamke mwenye moyo mwepesi wa kusaidia na mdomo mwepesi zaidi, aliona mambo matatu: mtoto analia, king'ora kinalia, mzee ameshika mkoba.

"We mzee! Mwachie mtoto!" Akamvuta Chinatsu mpaka nyumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo. "Pole, mwanangu. Amekuita, eti? Amekuita uingie?"

Chinatsu alifungua mdomo. Akaiona sura ya mama yake mbele ya mwalimu mkuu. Akaufunga.

"Alikuita?"

Akaitikia kwa kichwa.

Hakusema neno, kichwa tu kilishuka na kupanda. Mama Kuwata alikwishashika simu. Shule ikapigiwa, polisi wakapigiwa, na kabla chai ya Chinatsu haijapoa, simu za wazazi wote wa Torigawa zililia kwa pamoja:

"TAHADHARI. Leo saa kumi jioni, Mtaa wa Juu, mwanamume mwenye umri wa miaka sabini hivi, jaketi la kijivu, alimwita mwanafunzi wa kike na kumshika mkoba. Wazazi wawe macho."

Hapakuwa na jina. Jina la nini? Mtaa wa Juu ulikuwa na mzee mmoja tu wa jaketi la kijivu aishiye peke yake.

Polisi walimhoji Babu Orito, akawaeleza yaliyotokea, wakamwacha kwa kuwa hapakuwa na kosa. Lakini hakuna ujumbe uliotumwa kusema wamemwacha. Mwenyekiti wa mtaa alimfuata kwa adabu nyingi, akamwomba bendera. "Si kwamba tunakushuku, mzee wangu. Ni kwa ajili ya kutuliza wazazi tu." Adabu ya namna hiyo inachoma kuliko tusi. Mzee aliikunja bendera vizuri, akaitoa kwa mikono miwili.

Usiku ule Chinatsu hakula. Mama yake alipomkumbatia, maneno yakamtoka yenyewe. "Mama, Babu hakuniita. Mimi ndiye niliyepanda ua."

Chinatsu alidhani atafokewa. Afadhali angefokewa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Wazazi wa watu wameacha kazi wakaja kuwachukua watoto wao, polisi wamezunguka mtaa, leo tuseme ilikuwa mchezo? Tutaweka wapi nyuso zetu? Mambo haya hupoa yenyewe."

"Na Babu?"

"Hakufungwa, au alifungwa? Basi. Kula wali wako."

Jumatatu, Mwalimu Nagai aliweka mjadala darasani. Aliandika ubaoni: Je, mtaa uwekewe kamera? Alikuwa mwalimu mpole, asiyependa kuwapa watoto majibu.

"Ziwekwe kila kona!" alisema Sota, mwana wa mwenye duka la mchele. "Mbaya wetu angekuwa ameshanaswa."

"Kamera inaona, lakini haijui," Ibuki akajibu. "Babu yangu mzaa mama siku hizi hasalimii watoto. Anasema akisema habari ya asubuhi, jioni yuko kwenye simu za watu."

Darasa likacheka.

"Wee, unamtetea yule mzee kwa sababu ya visamaki!" Sota alimcheka. "Ujumbe umetoka kwa wakubwa. Mashine haidanganyi."

"Mashine haina akili ya kudanganya," alisema Mwalimu Nagai. "Inabeba inachopewa. Tujiulize nani aliipa, na nani aliuliza kabla ya kuutuma ujumbe. Wewe Chinatsu, una maoni gani?"

Alimuuliza kwa sababu kwa kawaida mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kunyooshwa, si kwa lingine. Ujumbe haukuwa na jina la mwanafunzi, na mwalimu mkuu hakulitaja kwa mtu. Chinatsu alisema hana maoni. Macho ya Ibuki yalimkaa usoni, kwa sababu Ibuki alikumbuka lile daftari lililosahauliwa, na Chinatsu akajua kwamba anakumbuka.

Walirudi nyumbani na wazazi wa zamu, kwa mistari, kama kuku wanaopelekwa bandani. Walipopita nyumba ya Babu Orito, mstari ulisimama wenyewe. Mitungi ya mbele ilikuwa na povu jeupe mpaka ukingoni. Mtu alikuwa amemimina sabuni ya vyombo. Samaki walielea ubavu ubavu, wakubwa kwa wadogo, na Babu Orito alikuwa amechuchumaa akiwatoa kwa kijiko cha supu, mmoja mmoja, akiwalaza juu ya gazeti. Hakuinua uso. Alikuwa amejifunza, katika siku chache tu, kutotazama watoto.

"Twendeni, twendeni, msitazame," alisema mzazi wa zamu.

Chinatsu alitoka kwenye mstari. Hakwenda kwa mzee, hakuwa na ujasiri huo. Alirudi mbio shuleni akamkuta Mwalimu Nagai anafuta ubao, akamwambia yote akiwa anahema na kulia: ua, kamba, kichwa chake, na pia yale ambayo mama alisema.

Mwalimu aliketi. "Kwa nini hukusema darasani?"

"Niliogopa watanicheka."

"Wangekucheka, kweli. Sitakudanganya." Akachukua jaketi lake. "Haya, tumfuate mama yako."

Mama Tobe aliposikia, uso ulimwiva. Alianza kusema kwamba mtoto ni mtoto, kwamba hata polisi hawakuuliza vizuri. Kisha Chinatsu akamweleza juu ya mitungi na kile kijiko. Mama akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akafunika uso kwa aproni ya kiwandani. "Nilidhani yatapoa," alisema. "Kumbe nilikuwa nayachochea."

Kesho yake ujumbe mwingine ulitumwa: "Tukio la Mtaa wa Juu limechunguzwa. Hakuna hatari." Lakini simu nyingi hazikufunguliwa. Nani anakimbilia kusoma kwamba hakuna hatari? Sota alisema baba yake aliufuta bila kuusoma, akidhani ni tangazo.

"Basi itabidi tutembee," alisema Mwalimu Nagai.

Wakatembea watatu, mwalimu, Mama Tobe na Chinatsu, nyumba kwa nyumba, Mtaa wa Juu wote. Kila mlango ulipofunguka Chinatsu aliinama, akasema, "Babu Orito hakuniita. Mimi niliruka ua wake, kisha nikadanganya. Naomba radhi." Wengine walimsifu kwa ujasiri. Wengine walimtazama kama mtoto aliyewaibia. Bibi mmoja aliufunga mlango kabla hajamaliza. Nani aliyemimina sabuni hajajulikana mpaka leo, lakini naamini walimwinamia naye, mahali fulani kati ya mlango na mlango.

Mama Kuwata aliwasikiliza mikono kifuani. "Sawa, nimeelewa. Lakini hata hivyo, tahadhari ni bora. Mimi nilimlinda mtoto wako, Mama Chinatsu."

Mama Tobe aliinama chini sana. Alipoinuka, alimtazama usoni. "Ulimlinda, na nakushukuru. Mwanangu alidanganya, mimi nikaficha. Ila na wewe, dada yangu, uliuliza swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo tayari. Sote watatu tumemtia mzee wa watu sabuni."

Mama Kuwata aliishusha mikono yake kifuani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Babu Orito mwenyewe. Mama Tobe alikuwa amebeba boksi la keki za maharage, kama inavyopasa anayekwenda kuomba radhi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo pale tayari, na bendera mkononi, akimbembeleza mzee arudi kazini.

"Mpe mtu mwingine," Babu Orito alikuwa akisema. "Mtoto akikwama katikati ya barabara, itabidi nimshike mkono. Mimi sasa siwezi kumshika mtoto mkono. Nitafikiri kwanza, na gari halisubiri mtu afikiri."

Chinatsu alipiga magoti mlangoni. Aliyarudia maneno aliyoyasema milango yote ile, lakini hapa yalikataa kutoka kwa mpangilio. "Babu, nisamehe," ndiyo tu aliyoweza.

Mzee aliinua uso. Alitazama kulia, kwenye madirisha ya Mama Kuwata. Akatazama kushoto, mpaka mwisho wa barabara. Alipohakikisha kwamba mwalimu yupo, mama yupo, mwenyekiti yupo, ndipo akasema kwa sauti ya chini, akiwa amesimama mbali, "Nimekusamehe, mtoto. Inuka, goti lako bado bichi." Keki alizipokea. Bendera hakuipokea.

Walipokuwa wanarudi, Chinatsu aliuliza, "Mwalimu, sasa si imekwisha? Ujumbe umetumwa, watu wote wamejua, na yeye kanisamehe."

"Ulimwona alivyotazama huku na huku kabla ya kukujibu?"

"Nilimwona."

"Hapo ndipo hapajaisha. Jina lake tumelisafisha, na wewe umefanya kazi kubwa, usiidharau. King'ora endelea kukivaa, na ukiwa hatarini kivute, usisite. Simu nazo ziendelee kutuonya, maana wabaya wapo kweli. Lakini chombo kinachokimbia hivyo kinataka ulimi wa kweli, mwanangu, na masikio yenye subira. Uongo wako haukuwa na neno hata moja, na ulifika mji mzima kabla hujanywa chai. Ukweli umetuchukua jioni nzima kwa miguu, na bado haujafika moyoni mwa yule mzee."

Asubuhi iliyofuata kivuko hakikuwa na mtu, na watoto wa Mtaa wa Juu walijifunza kuvuka wenyewe.