Paa la Kemilembe

Kila asubuhi Kemilembe alifagia uwanja, akatandaza majani makavu ya migomba chini ya mibuni, kisha akasimama kidogo kuitazama nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya pembe nne, ya fito na udongo, na mbele ilikuwa na baraza pana. Hapo kijijini Kamuli watu wengi bado waliishi kwenye misonge, zile nyumba za duara ambazo nyasi zake hushuka mpaka karibu na ardhi. Lakini ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa ina bei, na mumewe alikuwa amesema, "Na sisi tujenge nyumba ya kuonekana." Akasimamisha kuta. Akafa kabla ya kuezeka.

Paa waliliweka vijana wa Rwegoshora, kaka wa marehemu. Walimaliza upesi, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, wakaenda zao. Tena Rwegoshora aliagiza migomba ya upande wa bondeni ikatwe yote, ili wapita njia waione nyumba. Kemilembe hakukataa. Naye alitaka ionekane.

Siku moja, mwisho wa kiangazi, alikwenda na binti yake Eseri kununua chumvi. Duka la Seif lilikuwa ng'ambo ya barabara. Seif alikuwa mtu wa ukoo wa pwani, na mkewe, Bi Shufaa, alizaliwa Pangani. Ndani walimkuta Xaveria, jirani yao, mwanamke mnene asiyeishiwa maneno. Rwegoshora naye alikuwepo, ameketi juu ya gunia, anavuta kiko.

"Shikamoo baba mkubwa," alisema Eseri.

"Marahaba. Mama yako bado anaitazama nyumba kila asubuhi kama bibi harusi?"

"Bado," alijibu Kemilembe mwenyewe. "Na jioni pia."

Mara mzee Mutalemwa akaingia mbio. Huyu alikuwa mfugaji, na ng'ombe wake walikula nyasi kwenye nyika ya chini, bondeni.

"Fungeni dirisha," alisema. "Ng'ombe wangu wamegeukia mlima, mikia yote bondeni. Upepo unatoka huko, na si wa mchezo."

Hata hakumaliza. Vumbi jekundu lilipanda kutoka bondeni, likaifunika barabara. Duka likawa giza. Kisha mvua ikaja, na ndani ya mvua mna mawe. Mabati ya Seif yalipiga kelele, mtu hasikii sauti yake. Rwegoshora aliingia chini ya meza ya kupimia kahawa. Shufaa alikuwa dirishani, Seif na Mutalemwa mlangoni, na kila mmoja alipiga ukelele wa alichokiona.

"Mgomba ule, umelala."

"Wa pili huo."

"Mama Eseri, njoo. Njoo uone."

Kemilembe alipofika mlangoni aliliona paa lake likiwa tayari angani. Lilipita juu ya mibuni, likaanguka katika shamba la Xaveria. Nyumba ilibaki wazi kama chungu kisicho na kifuniko, na mvua inaingia.

Hakulia. Alishika fremu ya mlango mpaka vidole vikauma.

Upepo ulipopungua, Rwegoshora alitoka chini ya meza akijipangusa magoti. "Nilisema," akaanza. "Nyumba ya mwanamke haisimami. Hiyo ni ishara, marehemu hapendi. Sikiliza, shemeji. Ukoo tumeshazungumza. Mvua za vuli zikikukuta huna paa, wewe na Eseri mtahamia kwangu. Kibanja nitakitunza mimi."

Kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Wote dukani walijua Rwegoshora anatunza namna gani. Kitu akikitunza, mwenyewe hakioni tena.

"Sihami," alisema Kemilembe.

"Utalala kwenye mvua?"

"Nitalala kwangu." Akageuka, akawatazama wenzake. "Mvua imetufungia humu. Basi kila mmoja aniambie alichokiona. Alichokiona kwa macho, si anachokifikiri."

"Mimi niliona ishara," alisema Rwegoshora.

"Wewe uliona miguu ya meza, shemeji. Bi Shufaa, anza."

Xaveria alicheka mpaka akajishika mbavu. Shufaa akatabasamu kidogo. "Mimi niliona baraza. Pembe ya baraza ilinyanyuka kwanza, ikashuka, ikanyanyuka tena, kama bawa la kuku. Baraza ndilo lililovuta nyumba. Paa lako ni moja, limetoka juu ya nyumba likaja mpaka barazani. Upepo ukiingia chini ya baraza, umeshika lote. Kwetu baba alikuwa anasema: baraza mpe upepo, nyumba jiwekee."

"Maana yake nini?"

"Paa la nyumba liishie ukutani. La baraza liwe peke yake, chini kidogo. Likichukuliwa, limechukuliwa hilo tu."

"Mzee Mutalemwa?"

"Mimi nilikuwa bondeni ulipoanza, kisha hapa mlangoni. Upepo ulikuja kama ng'ombe wanaoona mlango wa boma. Ulipita pale pale mlipokata migomba. Nyumba ya Xaveria iko hatua chache tu, lakini ina migomba mbele yake. Imepoteza nini?"

"Majani na jogoo," alisema Xaveria. "Na jogoo atarudi."

"Basi. Msonge hukaa chini, tena ndani ya migomba. Wewe umejenga nyumba iliyoinuka juu, halafu ukaivua nguo."

Kemilembe alitazama nje. Neno hilo lilimuuma, kwa sababu na yeye alikuwa ametaka wapita njia waone. "Bwana Seif?"

"Mimi naona ununue mabati," alisema Seif.

"Nimesema ulichokiona."

"Haya. Paa halikuchanika. Lilitoka zima, kama kifuniko. Nyasi zako ni nzuri. Ila halikuwa limefungwa kwenye nguzo, lilikuwa limekaa tu. Hata ukiweka mabati yangu namna ile, yataruka, tena yatamkata mtu."

"Lilifungwa," alifoka Rwegoshora. "Vijana wangu walifunga kwa kamba za mgomba, kama walivyofunga babu zetu."

Mvua ilikuwa imepungua. Xaveria alijitupia kanga kichwani, akatoka, akarudi ameshika kipande cha kamba alichokiokota penye paa lililoanguka. Akakitia mkononi mwa Kemilembe. Fundo lake lilikuwa bado zima. Lakini kitanzi kilikuwa kimelegea, vidole viwili vikapita.

Mutalemwa alikitazama. "Walifunga lini?"

"Mwanzo wa kiangazi," alijibu Kemilembe.

"Na kamba zilikuwa bado mbichi?"

"Zilikatwa siku ile ile."

"Ndiyo hayo. Mgomba mbichi ukikauka unasinyaa, unalegea. Kwenye msonge haidhuru, maana miti yake yote imesukwa pamoja kama kikapu, na inashuka mpaka chini. Hii ya pembe nne inategemea fundo. Fundo likilegea, huna nyumba." Akanyoosha fimbo yake. Pale kichwani ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa ngozi, mgumu kama chuma. "Ngozi mbichi ni kinyume. Ukiifunga imelowa, ikikauka inakaza. Mimi nafungia hivi mpini wa jembe, haujatikisika."

"Mbwa watakula nyumba," alisema Rwegoshora.

"Mbwa hapandi darini," alisema Mutalemwa. "Na ukiwasha moto ndani, moshi utaikausha, wadudu wasiipende. Ila isinyeshewe. Ikae ndani, chini ya nyasi."

Tangu siku ile Kemilembe na Eseri walilala jikoni, kwenye kijumba kidogo cha nyuma. Kuta za nyumba kubwa walizifunika kwa majani ya migomba, maana udongo usio na paa huyeyuka kama sukari. Nyasi za paa la zamani walizifungua, wakazianika, na pau, ile miti ya paa, wakazibeba mpaka nyumbani. Mutalemwa alileta ngozi mbili za ng'ombe. Kemilembe alimpa ndizi, naye akapokea kwa mikono miwili. Wakazikata ngozi mikanda mirefu, wakailoweka kwenye maji mpaka ikawa laini kama utumbo.

Fundi hakupatikana. Rwegoshora alikuwa amewakataza vijana wote. "Atakayepanda juu ya nyumba ile, asikanyage kwangu," alisema. Na mwanamke hapandi juu ya nyumba. Huo ni mwiko wa zamani, kila mtu anaujua.

Kemilembe alisimama chini ya nguzo zake, akatazama juu muda mrefu. Kisha akajifunga kanga kiunoni, vifundo viwili.

"Eseri, shika ngazi."

"Mama, watasema."

"Waseme. Mvua hainyeshei midomo yao, inanyeshea kitanda chetu."

Akapanda. Barabarani watu walisimama. Mama mmoja alifunika macho. Kijana mmoja akapiga mluzi, na Xaveria akamuuliza kama mama yake anajua yuko wapi.

Mutalemwa alikaa chini, akamwelekeza. "Zungusha mkanda juu ya pau. Sasa upitishe chini ya boriti. Usiishie hapo. Ushushe mpaka kwenye nguzo, uzungushe, urudi. Paa lishike boriti, boriti ishike nguzo, nguzo ishike ardhi."

"Namna hii?"

"Hilo ni fundo la kufungia kuni. Fungua. Fanya kama unayefunga fahali."

"Sijawahi kufunga fahali."

"Basi mfikirie shemeji yako."

Kemilembe akacheka huko juu, akakaza kwa meno na mikono. Alifunga pau moja baada ya nyingine, siku tatu, mpaka vidole vikachubuka. Ngozi ilipokauka, Xaveria akaitwa. Alishika pau kwa mikono yote miwili, akaning'inia, miguu haigusi chini. Nguzo hazikulia.

"Kama nyumba imenibeba mimi," alisema akiwa bado ananing'inia, "upepo ni nani?"

Waliezeka kwa nyasi zile zile, wakawa wanawasha moto ndani kila jioni ili moshi uzikaushe ngozi. Paa la nyumba liliishia ukutani. Baraza wakalipa paa lake, dogo, chini kidogo, na hilo walilifunga kwa kamba tu. Upande wa bondeni walipanda machipukizi ya migomba na miche ya mtoma, mti mkubwa wa majani mengi. Lakini mgomba hauoti kwa siku moja. Kwa hiyo mbele yake walijenga uzio wa matete, wenye nafasi nafasi. "Usiwe ukuta," Mutalemwa alionya. "Ukuta unaangushwa. Upepo uuache upite, ila upite umechoka."

Barabarani nyumba haikuonekana tena vizuri. Kemilembe aliona hivyo, akaendelea kufukia miche.

Siku za kwanza za vuli, Rwegoshora alikuja na wazee wawili wa ukoo. Walisimama uwanjani.

"Wazee, tazameni wenyewe," alisema. "Mwanamke amepanda juu. Mwiko umevunjwa. Paa hili halimalizi mwezi, na balaa litatupata wote. Heri ahame leo."

"Shikamooni wazee," alisema Kemilembe. "Karibuni ndani. Hilo wingu si zuri."

"Hatuingii," alisema Rwegoshora.

Vumbi likapanda bondeni. Jiwe la kwanza la mvua lilimpiga mzee mmoja kwenye upara. Mzee yule hakungoja ruhusa ya mtu, akaingia. Wa pili akamfuata. Rwegoshora alibaki uwanjani peke yake kidogo, kisha naye akaja amejifunika kichwa kwa koti.

Kemilembe aliwapa vigoda, akawapa buni za kutafuna. Upepo ukafika. Eseri alikuwa dirishani, akawa anawaambia wote.

"Uzio umelala. Umeinuka. Miche inapinda, imesimama. Baraza linanyanyuka, mama."

Mlio mkubwa ukasikika mbele. Rwegoshora akaruka kutoka kwenye kigoda. "Limekwenda. Sikuwaambia? Limekwenda."

"Hilo ni la baraza," alisema Kemilembe. "Kaa, shemeji. La nyumba liko juu ya kichwa chako."

Wote wakatazama juu. Nyasi zilitetemeka. Pau zilitulia. Kila pau ilikuwa na fundo lake, kavu, jeusi kwa moshi. Hakuna hata tone lililoanguka sakafuni. Walikaa hivyo, vichwa juu, mpaka mawe yakaisha ikabaki mvua ya kawaida.

Mzee mwenye upara aliushika uvimbe wake, akatema ganda la buni. "Rwegoshora," alisema, "ulituleta tuone nyumba inayoanguka. Nimeketi ndani yake, mkavu. Unataka niwaambie nini wa ukoo?"

Rwegoshora alisogea chini ya pau. Alikuwa bado anayatazama yale mafundo.

"Nani alifunga?" akauliza mwisho, kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Ulipanda mwenyewe?"

"Nilipanda. Kesho tunafunga tena la baraza. Keshokutwa nakwenda kwa Xaveria, anajenga jiko la pembe nne." Kemilembe alichukua kikombe chake kitupu. "Na siku inayofuata nakuja kwako. Mke wako alikuja jana kuniomba nifunge paa lenu. Ngozi ameshaloweka."