Mgeni Aliyekataa Chai ya Sitti

Maiti ya Nasuru ilikutwa Ijumaa asubuhi katika shamba la mihogo huko Dadamu, pembeni mwa barabara inayotoka Koboko kuingia Arua. Mwanamke aliyeikuta alikuwa amekwenda kuchimba chakula cha mchana. Ilikuwa Desemba, mwaka 1993.

Saa tatu Inspekta Eyotaru wa polisi alikuwa pale, amekunja uso. Eyotaru alikuwa mwanamke wa hasira, na hakuona kwa nini azifiche. Kwanza aliwafokea wanakijiji waliokwishakanyaga kila mahali, kisha akachuchumaa na kutazama. Marehemu alikuwa amepigwa kisogoni kwa chuma kizito. Damu chini ilikuwa kidogo mno, kwa hiyo hakuuawa hapo. Saa yake ilikuwa mkononi, na viatu vyake vipya miguuni.

“Mwizi gani wa Arua anaacha viatu?” aliuliza.

“Afande, namjua,” alisema Konstebo Sule. “Ni Nasuru wa Koboko, mgeni wa mkutano wa Mwalimu Pasca.”

Mkutano huo ulijulikana Arua nzima. Darasa moja la watu wa West Nile, mkoa wa Arua na Koboko, liliingia chuo kikuu Kampala pamoja, na vita vya 1979 vikalitawanya kabla halijamaliza. Wengine walikimbilia Zaire, wengine Sudan, wengine hawakufika popote. Sasa Mwalimu Pasca, aliyekuwa mmoja wao, alikuwa amewaita wote waje wale pamoja Jumamosi katika ukumbi wa shule yake.

Eyotaru alimkuta Pasca ukumbini akihesabu magodoro. Alipopewa habari alikaa sakafuni palepale, akalia, na inspekta akamwacha alie kwanza. Kisha akamuuliza, “Uliwaambia wageni wasafiri vipi?”

“Jumatano jioni redio ilisoma maagizo yangu yote.” Pasca alipangusa macho. “Wa Kampala watoke mapema, wafike Karuma kabla wanajeshi hawajaondoka na msafara, maana njia bado si salama. Wavae viatu vya kutembelea, kwa sababu tangu Jumatatu wanajeshi wa Pakwach wanashusha kila mtu avuke daraja kwa miguu, hata mgonjwa, hata mkubwa mwenye gari lake. Kila mtu aje na shuka na chandarua. Ng'ombe atachinjwa na Mwislamu ili tule chungu kimoja.”

“Na wa Koboko?”

“Lori la kuwachukua linakwenda Jumamosi asubuhi.”

“Basi Nasuru alikuwa anatafuta nini barabarani Alhamisi?”

Pasca hakujua. Alichojua kilikuwa kizito zaidi, na alikitoa kwa shida. Mwaka 1979, jeshi la zamani lilipoanguka, askari wa upande ulioshinda waliingia bwenini kuwatafuta watoto wa maofisa wake. Mwanafunzi mmoja, Mogga, baba yake alikuwa ofisa, na wenzake walikuwa wamemficha stoo. Mmoja wao akaenda kumwonyesha kwa kidole. Mogga alichukuliwa, na hakuonekana tena.

“Nasuru alikuwa juu ya dari siku hiyo,” Pasca alisema. “Alimwona aliyeonyesha. Safari hii aliapa atamtaja mbele ya darasa zima.”

“Nani walijua kwamba amepania kusema?”

“Wote! Mimi nilipiga simu Kampala nikiwaambia, njooni, Nasuru atatutoa gizani.” Alijipiga paja. “Nilidhani nafanya jambo jema.”

“Ulifanya jambo jema,” Eyotaru alisema kwa ukali. “Mwenye ubaya ni aliyeua. Usimpunguzie mzigo wake.”

Nasuru alizikwa Koboko alasiri ileile, kama dini yake inavyotaka. Baada ya mazishi Eyotaru aliketi mkekani na mjane, Sitti, ndani ya chumba kilichojaa wanawake. Sitti alikuwa na macho makavu na mekundu. Alikuwa pia dada wa Mogga. Nasuru aliporudi kutoka Zaire alikwenda kuwapa wazazi pole ya rafiki yake, akabaki kuwa mkwe.

“Mume wako hakukuambia jina la mtu yule?”

“Hapana ambia mimi. Yeye nasema, Sitti, mimi nikisema jina hapa nyumbani, ndugu zako nakwenda na panga, halafu damu hapana isha. Iko nangoja watu yote nakaa pamoja, mbele ya sheria. Mama yangu mpaka leo nakataa matanga ya Mogga. Yeye nasema, mimi hapana lia mutoto kama mimi hapana jua yeye nalala wapi. Miaka kumi na ine, inspekta! Sasa na bwana yangu pia.”

“Alhamisi alikujaje barabarani?”

“Mutu nakuja na gari, saa ya alasiri. Mimi iko jikoni, nasikia sauti tu. Nasuru nafurahi, nasema ni mwenzake wa chuo, nataka kumsaidia asipande lori. Mimi natuma salamu, karibu chai. Yeye nasema iko haraka. Hata maji hapana kunywa!” Hapo sauti ilipanda, na wanawake wengine wakaguna. “Mutu nakuja kwa nyumba ya mutu, nakataa maji. Mimi ilifaa najua palepale.”

“Nasuru alibeba nini?”

“Mfuko ya nguo, na kikapu ya simsim kwa ajili ya karamu. Mimi nakaanga simsim ile asubuhi.”

Mfuko wa nguo ulikuwa shambani. Kikapu hakikuwepo.

Jioni Eyotaru alirudi Arua, na mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa Lokule. Uvumi wa miaka yote ulisema ndiye aliyemwuza Mogga, na wiki iliyotangulia alikuwa amepayuka sokoni kwamba Nasuru akija kumchafulia jina atamvunja meno.

“Nilisema, ndiyo!” Lokule alinguruma kituoni. “Miaka yote watu wananitemea mate. Lakini nilikuwa namtaka aje, inspekta. Meno ningemvunja kama angesema uongo. Kama angesema kweli, mimi ndiye ningepona. Nani Arua alihitaji Nasuru awe hai kuliko mimi?”

“Alhamisi alasiri ulikuwa wapi?”

Lokule alitazama dirisha, na Sule tayari alikuwa anatafuta pingu.

“Ariwara,” alisema mwishowe. “Ng'ambo, Zaire, napakia petroli. Nimeingia nayo bila kibali. Haya, nifungeni kwa hilo. Lakini kabla hamjanifunga, nenda kanuse pikipiki ya huyu konstebo wako uone inakunywa petroli ya nani.”

Sule alikohoa. Eyotaru alimtupia jicho ambalo lingemchubua ngozi, kisha akatuma mtu mpakani. Mafundi wawili na mama muuza maandazi walikuwa wamemwona Lokule Ariwara hadi jua linatua. Hakuwa yeye.

Waliobaki ni wageni wenye magari waliokuwa wamefika kufikia Alhamisi jioni. Alikuwa mmoja tu, Simoni Candia. Alikuwa mkubwa wizarani, mzaliwa wa Pajulu, na kila mtu alijua anazitaka kura za Arua mwaka ujao. Alikuwa ameandikishwa katika nyumba ya wageni Alhamisi, jua linazama, wakati magari ya msafara yanaingia mjini.

Alimpokea Eyotaru kwa tabasamu na soda baridi.

“Msiba mkubwa, dada yangu. Nasuru alikuwa kama ndugu. Gharama za mazishi nitazibeba mimi.”

“Amekwishazikwa. Ulifikaje Arua?”

“Na msafara, Alhamisi. Dereva wangu anaumwa, kwa hiyo niliazima kijana wa kunishikia usukani, amesharudi Kampala. Mimi nilikuwa nimechoka vibaya. Nililala kiti cha nyuma pale Karuma, nikazinduliwa na kelele za soko la Nebbi. Sikuona hata mto.”

“Safari njema,” Eyotaru alisema.

“Mungu alinibeba.”

Eyotaru alitoka pale amekasirika bila kujua kwa nini. Tabasamu lile lilimuudhi, soda ile ilimuudhi, na lile neno “gharama” kwa mtu ambaye udongo wake haujakauka lilimuudhi zaidi. Lakini hasira si ushahidi, na mwanasheria wa Kampala angemla hai mahakamani.

Jumamosi asubuhi alikwenda ukumbini. Wageni walikuwa wamekaa kimya, karamu imegeuka kilio. Daktari mmoja mnene aliyefika Ijumaa jioni alikuwa amevua kiatu, anasugua kifundo.

“Umeumia?” Eyotaru aliuliza.

“Daraja la Pakwach, inspekta. Redio ilituambia tuvae viatu vya kutembelea, mimi nikajifanya bwana harusi. Niliwaomba askari wanisamehe, nina baridi yabisi. Wakasema jana yake walimshusha hata askofu.”

Eyotaru alisimama wima. Sule alisema baadaye kwamba aliona mshipa wa shingo ya inspekta ukicheza.

Daraja la Pakwach liko kati ya Karuma na Nebbi, na tangu Jumatatu hakuna mtu aliyelivuka amelala. Candia hakujua hilo, kwa sababu hakusikia redio Jumatano, na hakusikia kwa sababu alikuwa njiani upande mwingine kabisa. Kutoka Kampala kuja Arua kuna njia nyingine: Gulu, kivuko cha Laropi, Moyo, halafu Koboko. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa ndefu kweli.

Aliita Pakwach kwa redio ya polisi. Jibu lilikuja kabla ya saa sita: gari la Candia halikupita. Laropi nao walijibu kwamba lilipanda kivuko Jumatano, na aliyeliendesha alikuwa bwana mmoja mwenye suti, peke yake. Kisha Sule alifungua gari lenyewe uani mwa nyumba ya wageni. Lilikuwa limeoshwa likang'aa. Lakini simsim ni mbegu mbishi, ukiimwaga leo utaikuta hata mwezi ujao. Chini ya zulia la mpira, mbele ya kiti cha abiria, mbegu hizo zilikuwepo, zimekaangwa, na spana ya magurudumu haikuwepo mahali pake.

Saa nane Sitti, aliyekuja na lori la Koboko, aliingia ukumbini kwa miguu yake, amefunikwa nguo nyeupe. Wazee wa Koboko walikuwa wamemkumbusha kwamba mjane aliye katika eda hatoki nyumbani.

“Mungu naona mimi,” aliwajibu. “Yeye najua sababu.”

Eyotaru alisimama mbele ya watu.

“Bwana Candia, rudia safari yako.”

Candia alirudia kwa upole, kama mtu anayemhurumia polisi mjinga. Alipofika pale alipolala Karuma na kuzinduka Nebbi, daktari mnene aliinua kichwa. Mwingine akageuka. Ukumbi mzima uliokuwa umevuka daraja lile kwa miguu ukamtazama, na Candia akaona kwamba wanajua jambo asilolijua yeye.

“Wote walishushwa, Simoni,” Mwalimu Pasca alisema. “Nilitangaza redioni. Ulikuwa wapi Jumatano?”

“Alikuwa Laropi,” Eyotaru alisema. “Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Sitti, anakataa chai. Ulimpiga wapi, kabla ya Dadamu? Simsim ya mkewe bado imo garini mwako.”

Candia alitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma, akakosa.

“Nilikwenda kumsihi!” alipasuka. “Njia nzima nilimsihi. Nikasimamisha gari, nikamwambia, subiri kura zipite tu. Akasema Mogga naye alisubiri. Ninyi mnajua ilikuwaje 1979? Bunduki ilikuwa hapa, kooni! Walisema mmoja wenu au wote. Ningefanya nini?”

“Kwa mwaka ule pengine ningekuhurumia,” Lokule alisema kutoka nyuma. “Lakini miaka yote hii ulikuwa unaniona natemewa mate mimi. Ukija Arua unaninunulia bia, unanipigapiga bega.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu walianza kusogea mbele, mmoja akiwa ameshika mguu wa kiti, na Sule akajitia katikati. Sitti ndiye aliyewanyamazisha. Alitembea hadi mbele ya Candia.

“Mogga iko wapi?”

Candia aligeuka kumtazama inspekta.

“Wewe naonyesha yeye. Iko wapi?”

“Nyuma ya jiko la bweni,” alisema kwa sauti ndogo. “Ukutani, upande wa visima. Walinilazimisha nishike koleo.” Kisha akili ya mwanasiasa ikamrudia. “Inspekta, andika kwamba nimesema kwa hiari. Nimesaidia. Nipeleke rumande, nitatia sahihi yote.”

“Hapana,” Sitti alisema. “Rumande baadaye. Kwanza yeye nakwenda Koboko. Mama yangu nangoja kwa mlango yake miaka kumi na ine. Yeye nakaa chini mbele ya mama, nasema kwa mdomo yake: mimi naonyesha mutoto yako, mimi nashika koleo, yeye nalala pale.”

Sheria haikuwa na kifungu cha jambo hilo. Eyotaru aliijua sheria vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakuwa na haja ya kupiga kelele.

“Sule,” alisema, “washa gari. Tunapitia Koboko.”

Mpaka hapo Candia hakuwa amelia. Sasa alilia, na konstebo wawili wakamshika kwapani.

“Nipelekeni jela,” alisema. “Afande, nakuomba, jela. Kwa yule mama hapana.”

Sitti alikuwa ameshatangulia nje, akapanda kiti cha mbele na kufunga mlango.