Mpenzi wa Dirishani

Stesheni ilijaa watu kama siafu, kila mmoja na haraka zake. Fundi cherehani mmoja, msichana mrefu ambaye wenzake karakanani walimwita Twiga, aliinama mbele ya dirisha la tiketi, maana tundu la kuongelea liliwekwa kwa ajili ya watu wa kimo cha kawaida. Alivaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Nyuma ya kioo alikaa kijana wa mabega mapana, shati jeupe limenyooka kwa pasi, na sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa.

"Unakwenda wapi, dada?"

Twiga akasahau aendako. Foleni ikaanza kuguna. Kijana akangoja bila papara, kisha akamwambia kama hajakumbuka, arudi kesho.

Akarudi kesho, na keshokutwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ikawa kila jioni wanapigiana simu, kijana akimwita mwanga wangu, Twiga akimwita Bwana Tiketi, wakicheka mpaka chai inapoa. Ila kila Twiga alipoomba waonane nje, mara zamu imebadilika, mara mafua. Hata hivyo alimshonea suruali ya kijivu, akampitishia pale dirishani. Hakumpima. Alijisifu kwamba akiona mabega ya mtu, miguu anaijua.

Majira ya machipuko yakafika, mafundi wakapanga matembezi ya siku moja, kupanda msituni hadi kwenye ziwa la mlimani, kila mtu na wake. Bwana Tiketi alikubali. Asubuhi ya safari, basi likiwa linanguruma, akapiga simu kusema ana zamu.

"Kama una mke, niambie," Twiga alisema.

"Sina mke, mpenzi." Kisha akakata simu.

Twiga akapanda basi, akakaa na kiti kitupu ubavuni. Akaapa moyoni kwamba akifika ziwani atampigia mara moja tu. Akikosa jibu la maana, yamekwisha.

Msitu uliwapokea taratibu. Majani mapya yalikuwa laini kama masikio ya mwanambuzi, na jua lilipenya matawini likamwagika njiani vipande vipande. Maji yalisikika mahali yasipoonekana. Wenzake walitangulia wakitaniana. Yeye alitembea kama aliye ndotoni, hasira ikimtoka kidogo kidogo bila ruhusa yake. Na pale miti ilipoachana, ziwa likatokea, limetulia, ukungu umelala juu yake kama shuka juu ya mtu aliyesinzia.

Akasimama peke yake ukingoni, akapiga simu.

Ikaita nyuma yake, miongoni mwa miti.

Bwana Tiketi alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alikuja na basi la pili, akawafuata kwa mbali njia nzima, akijibanza kila kona. Twiga hakujua aanze na furaha au na ugomvi.

"Simama nikuone," akamwambia.

Akasimama. Kichwa chake kilimfikia Twiga begani, tena kwa shida. Kumbe pale dirishani alikalia stuli ndefu. Na ile suruali ya kijivu ilikunjwa chini mara tatu.

Twiga akacheka. Kicheko kilimponyoka tu.

 Kijana aligeuka akashika njia ya kurudi, mabega yale mapana yameinama. Twiga akamkimbilia, akamshika mkono.

"Nimejicheka mimi, jamani. Najisifu jicho langu halikosei, halafu mpenzi wangu namshonea suruali ya mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ndiye uliyempenda," akajibu, bila kumtazama.

 Twiga aliona hili si la kujibiwa haraka. Ukungu ulikuwa unainuka majini, na ndege mmoja alivuka ziwa zima.

"Na jioni zote zile," Twiga akasema, "nilikuwa naongea na nani?"

Kijana akainua macho. "Tukitembea pamoja watu watacheka."

"Siku ya kwanza watacheka. Ya pili watachoka. Mimi nagonga kichwa milangoni tangu darasa la pili, na wanaocheka hawajaniua bado."

Kijana akatabasamu kwa mbali. Wakaketi ukingoni, wakatia miguu majini, baridi ikawauma wote sawasawa.  Kisha kijana akauliza, kwa ile sauti yake ya dirishani, shangazi yake Twiga anapatikana siku gani, maana ndiye aliyemlea.

"Jumapili. Lakini ana mdomo."

"Mimi hutukanwa na foleni nzima kila asubuhi. Shangazi mmoja ataniweza?"

 Twiga akamlalia begani, na ili kulifikia ilibidi ajikunje kama paka.

Waliporudi bondeni, mafundi walitazamana, wakafinyana. Ndani ya basi Twiga alimwonyesha kile kiti kitupu ubavuni pake. Bwana Tiketi akampisha mama mmoja aliyepanda akiwa amechoka miguu, naye akasimama hapo katikati ya viti, kimo chake mbele ya macho ya wote, mkono wake begani kwa Twiga. Mbele kidogo abiria wakaanza kushuka, viti vikawa wazi, viwili, kisha vinne. Wakamwita akae. Akashukuru, akaendelea kusimama mpaka mjini.