Kamba Saba za Bibi Wafiqa

Kila alfajiri Bibi Wafiqa aliamka kabla ya nyati wake wa maziwa. Aliwasha moto wa samadi kavu ili moshi ufukuze mbu. Akakamua, akachemsha maziwa, akaengua malai, utando mzito wa juu, ya kupeleka sokoni mjini Chibayish. Nyumba yao ilikuwa ya matete, na maji ya vinamasi yaliizunguka pande zote. Kila nyati alikuwa na jina lake, na akiitwa aliitika.

Kiangazi kile maji yalipungua, na nyati wakaanza kufa. Kila alipokufa mmoja, Bibi alichukua kamba aliyofungiwa mnyama huyo tangu akiwa ndama, akaitundika ukutani. Sasa zilikuwa kamba sita.

"Ni jicho la husuda," alisema. "Yule mgeni mwenye kamera aliwatazama mno."

"Mama, mgeni alikuja siku moja. Nyati wanakufa kwa miezi mitatu sasa," alijibu mwanawe, Chasib. "Akifa mwingine, nauza waliobaki. Tuhamie Basra, nikabebe matofali."

"Na mimi nikakamue matofali?"

Chasib hakucheka. Bibi naye hakucheka.

Shadha, binti wa Chasib, alikuwa kidato cha pili. Wiki mbili hakwenda shule, alikuwa akimsaidia baba yake kukata matete ya kulisha mifugo. Kwa hiyo mwalimu wake, Ibtisam, akapanda mtumbwi akaja kumwulizia. Alipewa chai na mkate wa mchele. Macho yake yakaenda ukutani.

"Mama Chasib, kamba hizi ni za nini?"

"Za marehemu wangu. Ile Nargis, alikufa siku tulipopata umeme mchana kutwa. Ile Fidha, alikufa arusi ya mtoto wa Khazal. Alikuwa akinywa pale mkondo wa chini, akarudi anayumba."

"Unakumbuka wote?"

"Mwanangu, nani husahau msiba wake?"

Mwalimu akamgeukia Shadha. "Unaona? Bibi yako amekwisha kusanya data. Lakini bado ni data ghafi, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Malai yamo, ila huyaoni. Lazima uchemshe, utulize, uengue."

"Tuanzie wapi, mwalimu?"

"Zungukeni kwa majirani. Andikeni jina la nyati, alikufa lini, alikuwa akinywa wapi. Kisha mhakiki, maana watu hukosea. Halafu mpange, ndipo mhesabu. Lakini waliokufa peke yao hawatoshi. Andikeni na walio hai."

Bibi akaweka kikombe chini. "Hapo hapana. Mnyama aliye hai hahesabiwi. Ukimhesabu, unamwitia mauti."

"Bibi," alisema Shadha, "wakifa kumi mahali walipokuwa kumi, si sawa na kufa kumi mahali walipokuwa mia."

"Hapana nimesema! Mimi nimefuga nyati kabla mama yako hajazaliwa."

Mwalimu hakubishana. Shadha akaandika waliokufa tu, akazunguka kwa Khazal na kwa mjane Ghaniya. Orodha ikawa na vifo kumi na tatu. Hakuna aliyejua inasema nini.

Siku nne baadaye Warda hakuitika. Warda ndiye aliyekuwa akimfuata Bibi hata mlangoni, na kumlamba mkono wenye chumvi ya unga wa mkate. Bibi alimkuta amelala ubavu karibu na mkondo wa chini. Akakaa naye kwenye tope. Akamfukuzia nzi kwa ncha ya ushungi wake hadi pumzi ikakatika.

Jioni aliitundika kamba ya saba. Chasib alikuwa amekwisha kumpigia simu mnunuzi.

"Mwambie angoje siku tatu," Bibi alisema. Kisha akamwita mjukuu wake. "Shadha. Leta vikapu viwili, na matete."

Bibi hakutaja hesabu yoyote. Kwa kila nyati aliyewahi kuwa wake katika kiangazi kile, alivunja kipande cha tete. Wa mkondo wa chini, kikapu cha kushoto. Wa mkondo wa juu, cha kulia. Aliyekufa, tete lake lilifungwa uzi. Khazal na Ghaniya wakafanya vivyo hivyo.

"Basi hesabu matete," Bibi alisema. "Nyati sijakuruhusu."

Shadha alihakiki kwanza. Ndama mmoja wa Khazal alikuwa ametajwa mara mbili, na mume na mke.

"Kafa mara moja tu, maskini," Khazal alisema. "Msimuue tena."

Kisha akachora jedwali. Mkondo wa juu walikunywa nyati kumi na wanne, akafa mmoja, jike kongwe la Khazal. Mkondo wa chini walikunywa kumi na tisa, wakafa kumi na wawili.

Chasib aliusoma mstari ule mara mbili kwa kidole.

"Sasa hii ni taarifa," alisema Mwalimu Ibtisam alipopelekewa jedwali. "Imetuonyesha mahali. Sababu bado."

Kesho yake alikuja na mtu wa idara ya maji na kifaa cha kupimia. Maji ya mkondo wa chini yalikuwa na chumvi nyingi mno kwa mnyama.

Chasib akampigia tena mnunuzi, akamwambia asije. Waliwahamisha nyati wote hadi mkondo wa juu, mwendo wa saa mbili kwa upondo. Shadha alirudi shule. Jedwali likahifadhiwa katika kompyuta ya shule, na nakala katika kopo lisiloingia maji. Kila Ijumaa aliongeza mstari mpya. Hadi mvua zilipoanza, maji ya chini yakapungua chumvi na nyati wakarudishwa nyumbani, hakuongeza kifo hata kimoja.

Asubuhi moja alimkuta bibi yake mbele ya ukuta, ameshika kamba ya Warda.

"Bibi, zamu hii hakuna kamba mpya. Hufurahi?"

"Nafurahi, mwanangu." Aliipapasa kamba. "Ila hii ya mwisho isingekuwepo hapa. Ulinitaka niwataje walio hai Jumapili. Nilikupa matete Alhamisi."

Akairudisha ukutani, akachukua ndoo. Nje, nyati wanne walikuwa wakimngoja awaite.