Hodi ya Tatu

Tik.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha uliogonga kikombe, lakini gizani Kemilembe aliisikia vizuri kuliko mvua iliyokuwa ikimwagika juu ya paa. Tik ya kwanza ilikuwa droo ya vijiko. Ya pili, kabati la nguo. Ya tatu, iliyochelewa kidogo kama kawaida yake, ilikuwa ukuta wenyewe ukijifunga mbele yao. Baada ya hapo hapakuwa na mtu ambaye angeweza kujua kwamba ndani ya nyumba ile anaishi mwanamke na mtoto wake wa miaka mitano.

Nje ilikuwa saa tatu asubuhi. Ndani ya ubavu kulikuwa giza tu, maana ubavu hauna dirisha.

Nyumba ya namna hii iliitwa nyumba-kunjo, na mjini Bukoba zilikuwa zimefika mia nne. Mgeni alipokaribia, kuta-tembezi zilianza kazi. Vitanda vya wenyeji vilimezwa ukutani. Picha ya marehemu mama yake Kemilembe ilifunikwa na ubao mweupe. Kivuta-harufu kilinyonya hewa yote iliyokumbuka ndizi na senene, wale panzi wa kukaanga, kikaacha harufu ya kitu kisichokuwapo. Ndani ya dakika saba nyumba ilijisahau. Wenyeji wenyewe waliingia ubavuni, chumba chembamba chenye upana wa godoro moja, chenye jiko dogo na mlango wa nyuma uliotokea migombani. Chakula alichopika Kemilembe kilipita kwenye kitundu, kikatokea mezani kwa mgeni kana kwamba nyumba ndiyo iliyokipika.

Wageni hawakukosekana. Tangu Kamba ya Anga, lifti ya kupandia angani, ifungwe katikati ya ziwa, wafanyakazi wa vituo vya juu walishuka kila wiki, miguu ikiwa imelegea kama ya ndama aliyezaliwa jana. Madaktari waliwataka wakae wiki mbili karibu na ziwa, wajifunze upya kubeba uzito wao kabla ya kurudi makwao. Hoteli kubwa zilichukua vilima. Wenye nyumba moja moja, kama Kemilembe wa mtaa wa Hamugembe, walipata wageni kwa njia moja tu, nayo ni kukubali kuta za kampuni iliyogawa wageni na kuingia kwenye orodha yake.

Kampuni ilipima kila nyumba kwa alama mia. Kikombe chenye ufa kilipunguza alama. Unywele kwenye sinki ulipunguza. Ila kilichopunguza kuliko vyote kilikuwa sauti ya mwenyeji. Mnong'ono ulisamehewa, na kilichozidi hapo kilihesabiwa kuwa kelele.

"Ameshaingia?" Kagemulo alinong'ona, mdomo wake ukigusa sikio la mama yake.

Kemilembe alimbana kidole mara moja. Ndiyo.

Huo ulikuwa mchezo wao. Kemilembe alikuwa ameubuni mwenyewe, Kage alipokuwa na miaka miwili na kampuni ilipomkata alama sita kwa sababu ya kilio cha meno. Mchezo wa panya. Sisi ni panya, mgeni ni paka, panya akitoa sauti ameliwa. Kila saa iliyopita kimya ilikuwa na zawadi, karanga moja. Mtoto alikuwa hodari wa mchezo ule. Kuna mgeni aliandika kwenye tathmini yake kwamba nyumba ina utulivu wa ajabu, utadhani hajawahi kuishi mtu. Kemilembe aliisoma mara tatu akitabasamu. Siku hizo alikuwa bado anatabasamu.

Mgeni yule wa mvua alikaa wiki zake mbili. Siku aliyoondoka, Mwalimu Zawena wa chekechea alimwita Kemilembe shuleni, akamkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

Mwalimu alianza mbali, kama wafanyavyo watu wenye habari nzito. Aliuliza kuhusu mvua, akauliza kuhusu migomba. Kisha akauliza kama Kage huwa anaongea nyumbani. Kemilembe alicheka, akasema huyo anaongea mpaka usingizini.

"Kwa sauti?" aliuliza mwalimu.

Kemilembe alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoisikia. Alikumbuka minong'ono, mamia kwa mamia, ya moto na yenye harufu ya karanga. Sauti hakuikumbuka.

Mwalimu Zawena alieleza polepole. Muhula mzima Kagemulo hakuwa ametoa sauti darasani. Mashine ya zahanati ilikuwa imemchunguza koo na masikio, ikakuta kila kitu kizima. Halafu juzi walikuwa na somo la sauti za nyumbani, kila mtoto alete sauti moja ya kwao. Mmoja alikoroma kama babu yake, darasa likavunjika mbavu. Mwingine alilia kama mbuzi wao anayechelewa kukamuliwa. Zamu ya Kage ilipofika, alisimama, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wenzake, kisha akapiga ulimi.

"Alifanya tik," alisema mwalimu. "Akafanya tena tik. Akangoja kidogo, akafanya ya tatu. Nilidhani ni saa ya ukutani. Nikamuuliza, Kage, ni saa? Akatikisa kichwa kukataa."

Kemilembe alishukuru, akaaga kwa adabu zote, akatembea hadi kwenye kona ya uzio ambako hakuna dirisha la darasa. Hapo akalia.

Jioni hiyo alimpigia Bwana Rweyongeza, mshauri wa wenye nyumba wa kampuni. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha jikoni, umenyolewa vizuri, una upole wa mtu anayelipwa kwa ajili ya upole. Kemilembe aliomba jambo moja. Alitaka kukaa na mwanawe ndani ya nyumba yao wageni wakiwapo, waonekane, wasikike, mtoto acheze. Bwana Rweyongeza alimwambia dada Kemi, naelewa, mimi pia ni mzazi. Kisha akamkumbusha kwamba ana alama tisini na moja, na nyumba ikishuka chini ya tisini inatoka kwenye orodha, kuta zinachukuliwa.

"Naomba nikuulize, kaka yangu," alisema Kemilembe. "Kwenu mgeni akija, watoto mnawaweka wapi?"

"Kwetu ni kwetu. Hii ni biashara."

"Na hapa ni kwetu. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Kwenye mkataba umeandikwa mtunzaji."

Mkataba Kemilembe alikuwa nao mkononi. Alikuwa ameusoma alasiri nzima, mstari kwa mstari, kwa ule usomaji wa kidole aliojifunza kwenye masomo ya jioni. Akamsomea kifungu cha kumi na nne: mgeni akiingia kwa miguu yake na kuikubali nyumba jinsi alivyoikuta, kampuni haina pingamizi.

Bwana Rweyongeza alikiri kwamba kifungu kipo. Kilitungwa kwa ajili ya mabomba yaliyopasuka na taa zilizoungua, alisema. Hajawahi kuona mgeni akikubali nyumba yenye watu. "Mgeni akigeuka mlangoni, dada Kemi, jioni hiyo hiyo gari letu linakuja. Hutapata mgeni mwingine mji huu. Fikiri."

"Nimeshafikiri," alisema, akazima kioo.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Mpokezi alitangaza kwamba mgeni amebakiza dakika kumi na moja. Mpokezi ndiye aliyekuwa akili ya nyumba. Alizungumza kwa sauti ya Kemilembe, maana siku ya mkataba kampuni ilimrekodi saa mbili nzima akisema karibu, pole na safari, lala salama. Tangu siku hiyo sauti yake iliwakaribisha wageni bila yeye.

"Tafadhali ingieni ubavuni," ilisema sauti yake mwenyewe.

"Hatuingii."

Tik, ilisema droo. Tik, lilisema kabati. Ukuta ukaanza kutembea kutoka upande wa jikoni, taratibu, ukisukuma mbele yake viatu vidogo vya Kage na kigoda. Kemilembe alikuwa amejiandaa. Alichukua mchi wa kinu cha mama yake, akaukinga kati ya ukuta na nguzo ya mlango wa sebule, akaukandamiza kwa bega.

Ukuta ulisimama, ukaguna. Juu yake, picha ya marehemu ilikuwa bado wazi.

"Kizuizi kimegunduliwa," alisema Mpokezi. "Alama tisini."

"Andika."

"Sauti ya mwenyeji imezidi kiwango. Alama themanini na tisa. Nyumba itaondolewa kwenye orodha."

"Andika na hiyo. Andika kwamba mchi ni wa mama yangu, Ma Kokushubila, na mjukuu wake yupo hapa, na leo tumekaanga senene."

Kage alisimama katikati ya sebule akiwa na macho makubwa. Hakuwa amewahi kumsikia mama yake akiongea hivyo. Alikuwa ameweka kidole mdomoni.

Gari lilisimama nje, mvuani. Zilisikika hatua nzito, moja, kituo, nyingine, za mtu anayebishana na miguu yake. Mlango haukufunguka. Uliwekwa usifunguke mpaka nyumba imalize kujikunja, na nyumba ilikuwa imekwama katikati. Ila komeo la mbao la zamani, la kuufungua kwa mkono, bado lilikuwapo kwa ndani, chini, mahali ambapo hata mtoto angelifikia.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke wa makamo.

"Karibu sana, mgeni wetu mpendwa," alijibu Mpokezi. "Tafadhali subiri, nyumba inaandaliwa."

"Nimebisha hodi kwa watu. Sikubisha kwa mlango."

Kemilembe hakuweza kuuacha mchi. Ulikuwa unateleza, na ukuta ulisukuma kama ng'ombe aliyeona zizi. Akapaza sauti kadiri alivyoweza. "Karibu, mama! Tupo!"

Nje kikasikika kicheko cha uchovu.

"Hiyo hiyo sauti imenikaribisha sasa hivi. Sikiliza wewe chombo, mimi naitwa Tunsume, mchomelea vyuma. Miezi kumi na mmoja huko juu nimekaribishwa na mashine, kula, kuoga, hata kupiga chafya. Nimechoka. Kwetu Tukuyu mtu akibisha hodi tatu hajaitikiwa, anageuka zake. Hodi wenyewe! Hiyo ni ya pili."

Kemilembe aliweka paji la uso kwenye mti wa mchi. Kampuni ilikuwa imemchukulia mpaka sauti yake. Alikuwa ndani ya nyumba yake, anaita kwa koo lake, na hakuna wa kumwamini kwamba yupo. Akatazama picha ya mama yake, kisha akamtazama Kage. Kulikuwa na sauti moja tu humu ndani ambayo kampuni haikuwahi kuirekodi, kwa kuwa haikuwahi kusikika.

"Kage," alisema, si kwa mnong'ono. "Mchezo wa panya umekwisha."

Mtoto alitikisa kichwa, kidole bado mdomoni.

"Umekwisha, mwanangu. Mama alikosea kuubuni. Hakuna paka. Pale nje kuna bibi anayeumwa miguu, anaomba kuingia, na mimi nimeshika mchi. Kwenye nyumba yenye mtoto, mtoto ndiye anayekimbilia mlangoni. Nami nilikuwa nakimbia hivyo, nampokea mgeni mzigo. Ni zamu yako sasa."

"Alama themanini na nne," alisema Mpokezi.

"Nyamaza wewe," alisema Kemilembe. "Anaongea mtoto."

Kage alikwenda mlangoni. Alitembea kwa ncha za vidole, kama alivyozoea, kisha katikati ya njia akakumbuka, akakanyaga kwa unyayo mzima. Akaweka mikono yote miwili kwenye komeo la mbao. Kwa upande wa pili alisikika mtu akihema na kuinua mzigo wake, mtu aliyekwisha kuanza kugeuka.

"Hodi," alisema Tunsume, kwa sauti ya chini sasa. "Hiyo ni ya tatu."

Mchi uliteleza upana wa kidole kimoja. Kemilembe alikaza bega. Mtoto aliinua komeo, akavuta pumzi, na sauti ikatoka, ya kukwaruza, kubwa kuliko mwenyewe alivyotegemea, ikajaza sebule na kupita mlangoni hadi mvuani.

"Karibu bibi, mimi na mama tumo ndani."