Kituo cha Tano

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio, na hadi leo akiyasimulia huinamisha kichwa.

Yeye na shemeji yake walikuwa wakisafiri kwa pikipiki, kila mmoja na yake, njia nzima wameitia vituo kwenye GPS. Sharti lao lilikuwa moja: kituoni, atakayefika kwanza amngoje mwenzake. Kifaa kiliandika muda wa kungoja.

Safari ya mwisho shemeji alikuwa nyuma. Kituo cha tano mvua ikamwagika, fundi akapita bila kusimama. Shemeji hakuonekana tena akiwa hai.

"Nilimngoja saa nzima, dada," fundi alimwambia mke wa marehemu, dada yake wa tumbo moja. Kisha akakifuta kituo kile kwenye GPS.

Wiki sita baadaye alikuwa akiingiza pikipiki stoo, umeme umekatika, dada anamshikia mlango. Nje kulikuwa kukavu. GPS ikawaka yenyewe gizani, na ndani yake ikasikika mvua, na injini ikinguruma pale pale bila kuondoka.

Dada akainama, akasoma polepole. "Kituo cha tano. Kungoja: siku arobaini na mbili, dakika sita."

Akamtazama kaka yake. Fundi akaangalia chini, na kwenye kioo tarakimu ya dakika ikabadilika.

"Saba," dada akasema.