Aliyefunga Bomba kwa Kiwiko

"Kozi, bomu limetegwa kwenye pampu za mji, nyuma ya ukumbi wa mkutano. Mwenye kitufe yumo humo ndani. Amevaa beji ya mtaalamu wa maji."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kifaa kilichofichwa sikioni.

"Wataalamu wamejaa tele, Mkuu. Sura yake?"

"Hatuijui. Pampu zikilipuka, mji utalia kiu, na waliomtuma watalinunua bwawa la mji kwa bei ya kutupa. Mtafute!"

Kozi akaipapasa bastola yake, Beretta, chini ya koti, akajisogeza penye meza ya chai.

Jukwaani, mtaalamu mwenye kipara alikuwa akiilinganisha dunia. Asia na Afrika, maji mengi hunywewa na mashamba. Ulaya, viwanda ndivyo vyenye kiu kubwa. Majumbani? Hufika kidogo tu.

"Kidogo hicho ndicho tunachogombea sisi," mama wa chai akanong'ona. "Shamba lishibe, kiwanda kishibe, mie na nepi zangu za kufua tusubiri mvua."

Kozi hakucheka. Kijijini kwao mfereji ulifungwa ili shamba la wakubwa linyweshwe. Mama yake akanywa maji ya dimbwi, akafa. Siku ya mazishi mdogo wake, Kibuyu, akatoroka. Hakuonekana tena.

Mkutano ukapumzika. Wataalamu wakaenda kunawa kwenye masinki ya ukumbini. Wakajipaka sabuni huku mabomba yakibubujika bure, na soga juu.

Isipokuwa mmoja.

Suti ya kijivu. Beji yake ilisema ametoka nchi ya mito na theluji. Akalowesha mikono, akafunga bomba kwa kiwiko, akapaka sabuni. Akalifungua maji yatoke uzi tu, akasuza. Akafunga tena.

Kwa kiwiko.

Kozi akamkaribia. Ni nyumba moja tu aliyoijua ambamo watoto walifundishwa hivyo, tena kwa fimbo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Kibuyu," akaita.

Mtu yule akageuka. Mkononi kalamu ya fedha, gumba juu ya kitufe.

"Dada. Umezeeka."

"Nawe umenenepa. Weka hiyo kalamu chini, mdogo wangu."

"Wakubwa wa mji huu ndio waliomuua mama."

"Wakubwa wana visima vyao! Watakaokwenda dimbwini ni wafua nepi. Ni mama mwingine, Kibuyu. Utamwua mara ya pili?"

Machozi yakamlenga Kibuyu.

"Nimeshafika mbali, Dada. Hakuna kurudi."

Gumba likaanza kushuka.

Beretta ikakohoa mara moja.

Kalamu ikaviringika sakafuni. Watu wakakimbia wakipiga mayowe. Kozi akapiga magoti, akampakata kama alivyompakata enzi zile mama akiwa kisimani.

"Kiu," Kibuyu akasema.

Kozi akanyosha mkono, akafungua bomba, akakinga kiganja, akamnywesha. Funda la kwanza alimeza. La pili likamtiririka kidevuni.

"Kozi! Kozi, jibu!"

"Leta watu wa mabomu, Mkuu. Mji utakunywa."

"Na adui?"

Kozi akamfumba mdogo wake macho.

"Amekunywa naye."

Akafunga vifungo vya koti lake juu ya damu, akaondoka bila haraka.

Mlangoni akasita. Bomba lilikuwa bado linadondoka.

Akarudi, akalifunga kwa kiwiko, akaenda zake.